Sinema Nilizoziona Dirishani

Jumanne, 4 Julai 1995

Upepo Mwankoko nzima. Vumbi mpaka ndani ya chai. Nimezipanga upya kanda zangu za video. Ishirini na tatu, zote zipo. Hapa Singida hakuna mzee mwingine, awe na duka au awe na cheo, mwenye kanda ishirini na tatu na maoni juu ya kila moja.

Niandike zilivyonifikia, maana watu wanasema maneno. Yule Mzungu wa mradi wa visima aliniachia mwaka juzi, alipofunga mradi akarudi kwao. Kanda, deki na televisheni. Nilimlinda miaka sita. Kazi ya mlinzi ni kuizunguka nyumba, na nyumba ina dirisha, na dirishani mlikuwa na sinema kila siku. Sauti sikuisikia hata mara moja, kioo kilikuwa kizito. Lakini nilizielewa zote. Mtu mwenye akili sauti ya nini?

Ni sinema za maisha matupu. Hakuna ngumi, hakuna nyimbo. Mzungu anaingia, anakaa kwenye kochi, anaambiwa jambo, analia. Kwisha. Jirani yangu Abdulmajidi, mwenye mashine ya kusaga, anaziita sinema za wagonjwa. Yeye anataka za mateke. Lakini umeme wangu unapita kwenye waya wake, kwa hiyo namkalisha mbele na kumsamehe. Mashine yake ikianza kusaga, picha inabanwa pande zote na Wazungu wanakonda. Tumezoea. Kwenye mahindi wanakonda kidogo. Kwenye mtama wanabaki mifupa.

Mfasiri ni mimi. Kiingereza sijui, shule niliiacha darasa la nne, lakini mpaka leo hajatokea mtu wa kuniuliza.

Habari mbaya nimeiweka mwisho. Binti yetu Rahma, aliyeolewa Shelui, amejifungua mtoto wa kiume. Hiyo ni habari njema. Mbaya ni kwamba mama yake, yaani mke wangu Kuluthumu, anakwenda kumlea mzazi. Siku arobaini. Nimemuuliza nani atapika hapa. Akanijibu kwamba, Baba Rahma, sufuria haziendi Shelui, zinabaki na wewe.

Siku arobaini!

Jumatano, 5 Julai

Nimepata mbinu. Mwanamume wa miaka sabini hawezi kumwambia mkewe, tafadhali usiende. Haijawahi kutokea kwetu, na sitaianzisha mimi. Lakini Wazungu wanaweza kumwambia. Wao hawana aibu, wanalia mbele za watu.

Alasiri nikaweka ile ninayoiita Ya Hakimu. Maoni yangu kuhusu Ya Hakimu ni haya: sinema nzuri, ila hakimu ana nyumba ya vyumba kumi na hakuna hata mgeni mmoja anayekuja kumsalimu. Mtu anapata matatizo toka asubuhi hadi jioni na hakuna anayebisha hodi! Halafu wanashangaa analia. Mimi nikipiga chafya tu, Marietha wa nyumba ya tatu anauliza kuna nini.

Watu walijaa kama kawaida. Kuluthumu alikaa mlangoni anachambua maharage. Hakimu alipokaa kwenye kochi na dada yake, ambaye kwa leo nilimfanya mke, nikafasiri. Nikasema mke anamwambia mumewe hivi: nilitaka kusafiri, lakini nimeona kifua chako kinavyokubana, siendi tena. Hakimu akafungua mdomo kidogo. Nikasema anajibu hivi: umefanya vyema mke wangu, kwa sababu wanawake waliosafiri mwaka jana walikuta waume zao wamekonda, na mmoja alikuta mume amepotea kabisa, na nyumba imeingia mchwa.

Kuluthumu akasema bila kuinua macho kwamba Kizungu ni lugha ya ajabu, mdomo unafunguka mara moja na maneno yanatoka gunia zima.

Abdulmajidi akacheka mpaka akakohoa. Aliletwa duniani kunikera.

Alhamisi, 6 Julai

Jana nilikuwa mpole mno. Leo nimetumia dawa kali. Ya Mazishi ya Mvua.

Maoni yangu: katika kanda zote, hii ndiyo inayoniumiza. Mzee tajiri anakufa. Anazikwa kwenye mvua na watu wanane. Wanane! Nimewahesabu mara nyingi dirishani, na hata ukimweka kasisi hawafiki kumi. Hakuna anayepika. Hakuna turubai. Hakuna mtu aliyekuja na kuni. Wanasimama na miamvuli, kila mtu na wake, kama watu wasiojuana, kisha kila mmoja anapanda gari lake na kwenda kulia peke yake. Mimi mlinzi mstaafu nitazikwa na Mwankoko nzima, hata wanaonichukia watakuja, tena hao ndio watakaofika mapema.

Wanawake wakauliza marehemu aliuawa na nini. Nikajibu kwa huzuni kwamba mkewe alisafiri. Akawa anajipikia. Siku ya tisa tumbo likasimama.

Marietha alilia machozi ya kweli. Akamgeukia Kuluthumu, akamuuliza, dada, na wewe kweli unakwenda? Nikaona nimeshinda.

Kuluthumu akaniuliza huyo mke wa Kizungu alisafiri kwenda wapi. Nikasema kwa binti yake. Akauliza binti alikuwa na nini. Nikasema alijifungua. Akauliza alipanga kukaa siku ngapi. Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimeshapata moto. Nikasema arobaini.

Akasema, he! Basi. He! tu. Akarudi ndani kufunga unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Nimesikia akiimba.

Ijumaa, 7 Julai

Saba Saba. Sikukuu. Mashine ya kusaga imefungwa, kwa hiyo Wazungu walikuwa wanene na watu walijaa mpaka uani. Laiti wangebaki nyumbani kwao!

Niliweka Mama wa Reli. Ndiyo kubwa kuliko zote. Mwanamke mzee anapanda treni, anamwacha mumewe amesimama kwenye stesheni na kofia yake. Treni inaondoka, mume anakuwa mdogo, mdogo, mpaka anakuwa kama msumari. Nilijua hii ingemaliza kazi. Nikaanza kufasiri kwa sauti ya msiba. Nikasema mama huyu ana kiburi. Nikasema mumewe anamlilia abaki, anamwambia tazama, ng'ombe wataniuliza uko wapi. Mama hasikii. Nikasema mwisho wake atarudi akute kaburi, na juu ya kaburi mbuzi.

Kuluthumu akaweka ungo chini. Akasimama. Akasema, jamani, huyo mzee wa stesheni halii. Mtazameni vizuri. Anaangalia saa.

Tukatazama. Kweli alikuwa anaangalia saa.

Akasema hakumwambia mkewe hata neno moja, ndiyo sinema yenyewe hiyo. Miaka arobaini hakumwambia neno. Chakula kikija anakula, maji yakija anaoga. Mama akafika kwa binti, akamlea mzazi, siku zikaisha. Akasubiri barua. Haikuja. Basi hakurudi. Akapata chumba karibu na binti yake, akapanda maua dirishani, na sinema ikaisha.

Mwanamke mmoja huko uani akasema, na amefanya vizuri!

Nikamwambia Kuluthumu mbele ya watu asipotoshe, yeye Kiingereza kakitoa wapi. Akajibu taratibu kabisa kwamba, Baba Rahma, wewe ulikuwa nje, na mimi ndani nilikuwa napiga pasi za nani?

Jambo hili nilikuwa nimelisahau. Nalikiri hapa tu. Kwa miaka ile sita Kuluthumu alipika na kupiga pasi nyumba ileile. Mimi kwenye upepo, yeye kwenye zulia. Mke wa Mzungu alikuwa na Kiswahili cha kuokota, na kila kanda alimweleza mwanzo mpaka mwisho. Zote ishirini na tatu! Na tangu mwaka juzi Kuluthumu amekaa mlangoni akinisikiliza nikifasiri, bila kusema neno.

Akaendelea. Akasema Ya Hakimu, yule mwanamke siyo dada wa hakimu kama nilivyowaambia mwezi wa tano, ni mkewe. Nikamwambia sikubali, kama ni mke na mume mbona hawagombani? Akasema ndiyo shida yao.

Abdulmajidi kwa kucheka aliteleza akaanguka kutoka kwenye benchi. Tunamshukuru Mungu kwa mengi.

Marietha alipotoka aliniangalia kama vile mimi ndiye nimevaa ile kofia ya stesheni.

Jumamosi, 8 Julai

Ameondoka.

Tangu alfajiri nilijua ni neno moja tu linatakiwa. Siyo kwamba nakubaliana na sinema. Mwenye sinema ile hakufanya kazi yake vizuri, mzee yule hakupewa hata nafasi ya kujitetea. Lakini niliwaza kwamba kama Kuluthumu amekaa miaka sita na kanda ile kichwani, na anakwenda kwa binti, na Shelui vyumba vipo tele, basi mtu mwenye busara angesema neno, kwa usalama tu.

Tukatembea mpaka kituoni. Nilibeba mfuko wa ulezi. Njiani nikatafuta neno. Nikamwambia upepo ni mwingi mwaka huu. Akaitikia. Nikamwambia alizeti ya upande wa Sepuka imestawi. Akaitikia. Basi likaja. Akapanda, akakaa dirishani, akanitazama. Watu wote wakanitazama, au niliona hivyo.

Nikajikuta naangalia mkono. Nami saa sina!

Aliiona. Najua aliiona. Basi likaondoka na vumbi lake. Sijui kama nilikuwa mdogo, mdogo, kama msumari, ila nilijisikia hivyo.

Jumapili, 9 Julai

Ugali wa kwanza: maji. Ugali wa pili: tofali. Nimekula tofali na maziwa ya mgando.

Abdulmajidi amekuja kuniuliza mama ameandika? Nikamjibu ana siku moja tu tangu aondoke. Akasema anauliza tu, maana yule wa reli ndiye aliyesubiri barua, siyo mumewe. Akacheka mwenyewe mpaka mashine ikamwita.

Sikuonyesha sinema. Nimetangaza deki linapumzika.

Jumatatu, 10 Julai

Nimeiangalia Mama wa Reli peke yangu, mpaka mwisho. Mwisho wake sikuwahi kuuona. Kule kwa Mzungu, kila walipofika treni inapoondoka, ulikuwa wakati wangu wa kuzunguka nyuma kukagua banda la jenereta. Miaka sita, na mwisho sikuuona! Na hapa kwangu, treni ikiondoka tu huwa nazima deki, nimalizie kwa mdomo. Nikautunga mwenyewe. Kaburi na mbuzi vilikuwa vyangu.

Kuluthumu amesema kweli. Mama yuko dirishani kwake, na maua mekundu. Anaangalia nje. Kitu kibaya ni kwamba hana sura ya huzuni. Anachambua kitu mezani, sikuona vizuri, nadhani ni maharage. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Nikarudisha. Abdulmajidi akaanza kusaga mtama na mama akakonda, akakonda, akawa mstari. Nikazima.

Maoni yangu: sinema mbaya. Haifai kuoneshwa mbele ya watu waliooana.

Nimetafuta chumvi nyumba nzima. Sijaiona.

Jumatano, 12 Julai

Nimekwenda Shelui. Sikwenda kwa sababu ya sinema. Nilikwenda kwa sababu mjukuu anahitaji kujulishwa kwamba ana babu.

Lori la vitunguu, dereva anaitwa Manase, mtu wa heshima. Alinikalisha mbele. Nikawa nalifanyia neno mazoezi. Nilikuwa nimelipata, tena zuri: Mama Rahma, nyumba imekuwa kubwa. Hakuna aibu ndani yake, na mwenye kuelewa ataelewa. Nikalisema kimoyomoyo mpaka mteremko wa Sekenke, lori lilipoanza kuimba breki, hapo likanitoka kwa sauti. Manase akauliza, mzee, nyumba imekuwa kubwa, unaiuza?

Tukafika Shelui ndipo nikakumbuka. Mimi ni baba mkwe! Nitaingiaje nyumba ya mkwe wangu Ramadhan, tena yenye mzazi ndani ya arobaini? Nikale ugali wa mkwe? Nikalale karibu na chumba cha mkwe? Baba yangu angefufuka anipige. Mtu nimesafiri na vitunguu nusu siku, nyumba naiona kwa macho, ile pale yenye mlango wa bluu, na kuiingia siwezi. Na mtoto hatolewi nje. Nikakaa kwenye gunia, pale malori yanapolala, kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Habari zikafika mlango wa bluu kabla sijajifuta vumbi. Akaja kwanza Ramadhan, macho chini, amesimama mbali kama anavyopaswa. Shikamoo baba. Marahaba. Akauliza kuna msiba? Nikasema hakuna. Akauliza kuna ugonjwa? Nikasema hakuna. Akabaki anachezea vidole, kijana wa watu, hajui amkaribishe mkwe wake wapi. Akaondoka kinyumenyume.

Kisha akaja Kuluthumu. Khanga mpya, nadhani amepewa na Ramadhan. Uso umenawiri. Siku nne tu! Akasimama mbele yangu. Madereva wote wakageuka, hata yule aliyekuwa chini ya lori lake akatoa kichwa.

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwepo, nilikuwa nalo tangu Singida. Nikasema:

“Mama Rahma, chumvi iko wapi?”

Sijui ilitoka wapi. Wallahi sijui.

Aliniangalia sana. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la pili. Akasema, Baba Rahma, umepanda lori, umeshuka Sekenke, umekula vumbi lote hili, kuja kuuliza chumvi? Iko kwenye kopo la majani ya chai, ilipo toka Rahma hajazaliwa.

Nikamwambia nilikuwa napita tu.

Akachukua ncha ya khanga, akanifuta vumbi kwenye nyusi. Mbele ya madereva! Manase aligeuka akaangalia matairi. Kuluthumu akauliza, umekula? Akaniletea wali na kuku kwenye bakuli lililofunikwa, nikala pale pale juu ya vitunguu, maana chakula kikitoka kwa mke siyo cha mkwe, nimelitafakari jambo hili na liko sawa kisheria. Akaniambia mtoto ana masikio yangu, maskini.

Akasema, rudi nyumbani. Zimebaki thelathini na sita. Nitakuja mwenyewe. Mimi siyo yule wa reli, yule hakuna aliyemfuata kumuuliza chumvi.

Hilo la mwisho sikulielewa. Mzee wa stesheni hata angemfuata, asingeuliza chumvi, wale wanaiweka mezani. Lakini sikubisha. Bakuli lilikuwa bado na mnofu.

Lori likageuka jioni hiyohiyo. Alisimama mpaka tulipopotea. Nami nikageuka kumtazama, lakini kwa ajili ya shingo tu, ilikuwa imekakamaa.

Ijumaa, 14 Julai

Deki limemaliza kupumzika. Watu wamejaa mno, habari za Shelui zimefika kabla yangu. Madereva wana midomo.

Nimewawekea Mama wa Reli, na mara hii kwa tafsiri sahihi, baada ya utafiti niliofanya mwenyewe kwa gharama ya mgongo wangu. Nimewaambia mzee wa stesheni hakuangalia saa bure. Alikuwa anapima muda wa lori la kumfuata mkewe. Akalipanda. Akafika. Mkewe alipomwona akaanguka chini akilia, akasema mume wangu nirudishe leo hii, hapa hapakaliki, wali wao mbichi. Mume akamhurumia. Lakini kwa kuwa ni mtu mkubwa mwenye utaratibu, akamwambia hapana, mama, kazi ya mzazi ni kazi, nakupa ruhusa ya siku thelathini na sita.

Marietha akauliza, sasa mbona kwenye picha bado anaonekana yuko dirishani, na anatabasamu? Nikamjibu ni furaha ya kupewa ruhusa.

Abdulmajidi akauliza, na chumvi?

Ukumbi mzima. Ukumbi mzima ulilala kwa kicheko! Nilimtoa nje, kisha nikamrudisha, kwa sababu ya waya.

Zimebaki thelathini na nne. Chumvi imeonekana kwenye kopo. Ugali wa leo umekuwa uji, lakini una chumvi.

Nimefikiri kwa makini na nimeona nilikokosea. Nilitumia Wazungu, halafu nikatumia lori. Vyote ni vya kuzunguka. Mwanamke haji kwa kufuatwa, anakuja kwa kuitwa, na hakuna kinachoita kama ugonjwa. Nitamtuma Manase na salamu kwamba hali yangu siyo nzuri, bila kueleza sana, aongeze yeye kidogo kwa uso.

Kesho naanza kuumwa. Bado sijachagua mahali.